UMEME WA JIRANI NI DENI, TULILIPE KWA UADILIFU

  

Ndugu Waislamu, sisi wakazi wa Dumila hatuhitaji kufundishwa thamani ya jirani. Mafuriko ya Januari 2014 yalipoikata barabara kuu ya Morogoro na Dodoma na kuziacha familia nyingi za hapa na Magole bila makazi, tulijua maana ya kuwa na mlango wa kubisha. Lakini jirani huyo huyo tuliyemkimbilia siku ya maji, leo wapo miongoni mwetu wanaomdhulumu taratibu, usiku baada ya usiku, kupitia waya mmoja uliopita juu ya ua.

Tunakusudia umeme wa kuazima. Yupo ambaye nyumba yake haijafikiwa na nguzo, yupo ambaye uniti zimemwishia usiku naye hana fedha, na yupo anayejenga na fundi wake anataka umeme wa kuchomelea mageti. Wote hao huenda kwa jirani. Mwenye mita huona haya kukataa, mwazimaji naye huona haya kuuliza bei. Mwisho wa mwezi hutolewa shilingi elfu mbili zilizokunjwa pamoja na dua. Baada ya miezi michache utawakuta watu wawili wamesimama safu moja msikitini, bega kwa bega, na hawapeani salamu.

Kabla ya kuwanyooshea wengine kidole, inatupasa tukiri kosa letu wenyewe. Ramadhani moja iliyopita tulivuta umeme kwa jirani kwa ajili ya madrasa. Tulikuwa na taa sita za wati 10 na feni mbili za wati 60, vikiwaka saa nne kila usiku, na kipaza sauti cha wati 100 kwa saa mbili. Uniti moja ni wati elfu moja zilizotumika kwa saa moja. Kwa siku 30, basi, taa zilikula uniti 7.2, feni 14.4 na kipaza sauti 6, jumla yake takriban uniti 28. Jirani yetu alikuwa katika daraja la watumiaji wadogo, ambao kwa bei zilizoanza Aprili 2016 hulipa shilingi 100 kwa uniti, au 122 ukijumlisha kodi na tozo. Tukazidisha 28 kwa 122, tukapata shilingi 3,416. Siku ya Idi tukampelekea shilingi 3,500 na sahani ya tende, tukarudi nyumbani tukijiona watu wakarimu.

Hesabu yetu ilikuwa sahihi, lakini malipo yetu yalikuwa pungufu. Bei ile ya shilingi 100 ina mpaka wake, nao ni uniti 75 kwa mwezi. Kila uniti inayozidi hapo bei yake ni shilingi 350, au 427 pamoja na kodi na tozo. Jirani yetu kwa matumizi yake hutumia kama uniti 60, hajafika mpakani. Uniti zetu 28 zilimfikisha 88. Hivyo uniti zetu 15 za mwanzo zilikuwa za shilingi 122, na 13 zilizobaki zilikuwa za shilingi 427. Gharama tuliyomsababishia ilikuwa shilingi 7,381, nasi tulilipa chini ya nusu yake.

Wala halikuishia hapo. Mwenye kuvuka mpaka ule akiendelea huhamishiwa daraja la kawaida, ambalo kila uniti, tangu ya kwanza, ni shilingi 292, au takriban 356 pamoja na kodi na tozo. Hayo ndiyo yaliyomfika jirani yetu, kwani baada ya Idi tuliendelea na darsa za usiku kwa waya ule ule. Uniti zake mwenyewe 60, alizokuwa akizipata kwa shilingi 7,320, zikawa zinamgharimu zaidi ya shilingi 21,000. Hakutuambia neno kwa kuiheshimu madrasa, na habari tukaipata kwa watu. Tulikwenda kumtaka radhi, tukalipa tulichopunguza na tofauti ya miezi ile. Fedha ilirudi, ama aibu ya kuwafundisha watoto Suratul Mutaffifin chini ya taa ambayo sisi wenyewe tumeipunja malipo yake, hiyo tunayo hadi leo.

Sasa tujiulize: umeme huu una hukumu gani? Wanavyuoni wa fiqhi wametofautisha kati ya 'aariya, yaani kuazima kitu ukakitumia na kukirudisha chenyewe kama sufuria au jembe, na qardh, yaani kukopa kitu kinachoisha kwa kutumiwa kama unga au mafuta, ukarudisha mfano wake. Umeme haurudi baada ya kuwaka. Kwa hiyo, japo ulimi wetu husema "niazime umeme", mwenye kuupokea amekopa, na shingoni mwake lipo deni la uniti zile zile alizozitumia.

Kutokana na hukumu hii, upande wa mwenye mita nao una mipaka. Si halali kwake kushurutisha uniti 40 kwa uniti 30 alizokopesha, kwani ziada inayoshurutishwa katika mkopo ni riba. Wala si uungwana kumtoza mjane shilingi elfu kumi kwa mwezi kwa taa moja ya wati 10, ambayo ikiwaka saa tano kila usiku haifikishi hata uniti mbili. Suratul Maa'un imewakemea wanaoswali huku wakiwanyima watu msaada wa vyombo vidogo vya nyumbani. Ama kufidiwa gharama halisi iliyosababishwa na mkopo, kama ile ya kuvushwa mpaka wa uniti 75, hiyo si faida bali ni kuondolewa madhara, na dini yetu haikubali kudhuru wala kudhuriana.

Upande wa mwenye deni, Mtume (s.a.w.) alikopa ngamia mdogo akaamuru alipwe aliye bora kuliko yeye, na akafundisha kwamba wabora wa watu ni wale walio wazuri katika kulipa. Ziada isiyoshurutishwa ni ihsani. Na mwenye uwezo akichelewesha deni kwa makusudi, huo umehesabiwa kuwa ni udhalimu.

Tunashauri yafuatayo. Kwanza, umeme usivushwe kutoka nyumba hadi nyumba bila ya kulishirikisha shirika la umeme na fundi mwenye leseni, kwani waya duni juu ya bati waweza kuziteketeza nyumba zote mbili, na maisha ya watu hayana uniti za kuyalipia. Pili, kabla ya kuwasha, watu wawili wakae, wataje vifaa, wati na saa, na waandike, kama Qur'ani ilivyoelekeza katika madeni. Afadhali zaidi kuweka mita ndogo ya kupimia. Tatu, atazamwe mwenye mita yupo daraja gani, na mwazimaji ahesabu atakachomsababishia, asihesabu alichotumia peke yake. Nne, njia iliyo safi ni kulipa uniti kwa uniti, kwa kununua LUKU kwa namba ya mita ya jirani. Hapo ikumbukwe kuwa tangu Agosti 2021 kodi ya jengo hukatwa humo humo. Ikikatwa katika fedha ya mwazimaji, itakuwa amemlipia mwenye nyumba kodi yake, na ihesabiwe kuwa ni sehemu ya malipo ya deni.

Bei zikibadilika, hesabu hizi nazo zitabadilika, lakini kanuni itabaki: mlipe jirani kiasi ambacho kitamrudisha alipokuwa kabla hujamgongea mlango. Na iwapo mwenye mita ataona hali ya mwenzake ni ngumu, akamsubiri au akamsamehe, hiyo ni sadaka njema. Lakini sadaka huitangaza mtoaji. Mpokeaji hana haki ya kujisamehe deni mwenyewe kisha akaliita sadaka.

Ndugu zetu, Jibril (a.s.) alimuusia Mtume (s.a.w.) juu ya jirani mpaka akadhani kuwa atamrithisha. Leo baada ya swala ya Isha, kila mmoja wetu afuate kwa macho waya unaoingia nyumbani kwake. Ukiwa umetoka kwa jirani, na abishe hodi kabla ya kulala.

Wabillahi tawfiq.