Injini kubwa, breki zile zile

Leo naweka programu kando, tuongee pikipiki.

Hapa Machakos wapo wanaong'oa injini ya cc 100 kwenye pikipiki kuukuu na kuweka ya cc 150. Nawaelewa. Mji uko kama mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini ya kabureta hupoteza takriban asilimia 15 ya nguvu zake. Beba abiria na gunia la maembe kwenye mlima, utatamani gia iliyo chini ya namba moja!

Lakini kuishia kwenye injini napinga. Ni kama kuweka prosesa mpya kwenye kompyuta ya zamani: tatizo haliishi, linahama. Sasa liko kwenye cheni, fremu na breki. Piga hesabu: ukitoka kilomita 60 kwa saa hadi 80, kasi imepanda kwa theluthi moja, ila nishati ambayo breki zinapaswa kumaliza imepanda kwa asilimia 78. Breki za ngoma hazijui kwamba umebadilisha injini.

Halafu logbuku bado ina namba ya injini ya zamani. Usipowajulisha NTSA, siku ya ajali bima inaweza kukukana. Atakayeumia ni abiria ambaye hakuulizwa.

Ushauri wangu: anza na sproketi ya nyuma yenye meno mengi zaidi. Ni rahisi, na inapanda mlima. Utapoteza mwendo wa juu, lakini kule milima ya Iveti wa nini? Ukishikilia injini kubwa, breki kwanza.

Mwasemaje?