Taa ya Tairi Isikupumbaze

Wahenga walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Lakini mawingu yakitanda kila siku bila tone kudondoka, mwishowe watu huacha kuanua nguo. Ndivyo ilivyo kwa wenye magari makuukuu hapa Kakamega. Ile taa ya manjano yenye umbo la tairi na alama ya mshangao huwaka kutwa, ilhali matairi yote yamejaa. Basi fundi huombwa aizibe kwa utepe mweusi, na safari ya Kisumu ikaendelea.

Msomaji, usiizibe kabla hujajua inasema nini.

Katika magari mengi ya aina hiyo, ndani ya kila gurudumu, kwenye valvu, hukaa kihisi kinachopima upepo na kutuma habari kwa mawimbi ya redio. Marekani ililazimisha magari madogo mapya yawe na mfumo wa onyo kuanzia Septemba 2007, na Ulaya ikafuata Novemba 2014. Betri ya kihisi imefungiwa humo humo, nayo hudumu takriban miaka 5 hadi 10. Kwa kuwa Kenya huruhusu kuingizwa magari yaliyotumika hadi miaka 8, gari laweza kushushwa Mombasa betri zikiwa karibu kufa.

Utatofautishaje? Kwa magari mengi, taa ikipepesa dakika moja hivi unapowasha injini, kisha ikabaki inawaka, mfumo wenyewe una hitilafu. Ikiwaka bila kupepesa, amini kwamba upepo umepungua.

Dawa ya kwanza ni kipimo cha mkononi. Soma kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva. Kikisema kilopaskali 220, hizo ni pauni 32 hivi. Pima asubuhi, gari likiwa halijatembea. Ukipima baada ya kufika Kisumu, joto la safari litakuwa limepandisha kipimo. Usitoe upepo, la sivyo kesho tairi litakuwa legevu. Tairi legevu hujikunja, hupata moto na laweza kupasuka barabarani, watoto wakiwa kiti cha nyuma.

Ukiamua kununua vihisi, ngojea siku ya kubadilisha matairi, maana ni lazima yafunguliwe. Badilisha vyote vinne, kwa kuwa betri zake ni rika moja, na hakikisha masafa ya redio yanalingana na ya gari lako. Mjulishe fundi wa pancha kabla hajatia chuma chake, asije akakivunja kihisi kizima.

Pesa zikiwa haba, iache taa iwake. Lakini kila Jumapili asubuhi, kabla familia haijaingia garini, pima matairi yote manne na lile la akiba. Kazi yenyewe haizidi dakika tano.