MVUKE SI DAWA YA MOSHI

Umezuka mtindo mpya miongoni mwa baadhi ya watumishi wa umma mijini. Mtu aliyekuwa mvutaji wa sigara hutoa mfukoni kichombo cha umeme, akapuliza mvuke wenye harufu ya embe, kisha akawatangazia wenzake kwamba ameacha kuvuta. Wenzake humpongeza. Pongezi hizo ni za haraka mno.

Wengi wetu tukitajiwa hatari ya tumbaku huyafikiria mapafu peke yake. Moyo tunausahau. Moshi wa sigara huharibu utando laini uliomo ndani ya mishipa ya damu. Mafuta hujikusanya palipojeruhiwa, na damu huwa rahisi kuganda. Kaboni monoksidi huzinyang'anya chembe nyekundu nafasi ya kubeba oksijeni, huku nikotini ikiuhimiza moyo upige mbio na kuibana mishipa. Hivyo moyo hutwishwa kazi zaidi na papo hapo hupunjwa ujira wake.

Wala mtu asijidanganye kwa kisingizio cha sigara moja kwa siku. Uchunguzi uliojumlisha tafiti nyingi, uliochapishwa Uingereza mwaka 2018, ulionyesha kwamba mvutaji wa sigara moja hubeba kiasi cha nusu ya hatari ya ziada ya maradhi ya moyo anayoibeba mvutaji wa sigara 20.

Je, vepu? Ni kweli kwamba haichomi tumbaku, na kwa hiyo mtumiaji huepukana na lami na sehemu kubwa ya kaboni monoksidi. Lakini nyingi zina nikotini, na nikotini ni ile ile: hupandisha mapigo ya moyo na shinikizo la damu. Madhara yake ya miaka 30 hayajapimwa kwa sababu chombo chenyewe hakijafikisha umri huo sokoni. Si ajabu kwamba makampuni makubwa ya sigara yamo pia katika biashara hii. Mteja aliyekwisha kufungwa na nikotini hana uhuru wa kuchagua.

Sheria yetu ya mwaka 2003 inakataza kumwuzia mtoto aliye chini ya miaka 18 bidhaa za tumbaku. Hata hivyo, yupo mwalimu anayemtuma mwanafunzi dukani kumletea sigara mbili, na yupo mkuu wa ofisi anayevuta mbele ya wananchi waliopanga foleni. Hao wanafundisha somo lisilokuwamo katika mtaala, na vijana hulishika upesi kuliko hesabu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Hatuna budi kuanza na nafsi zetu. Ofisi na vyumba vya walimu visiwe na moshi wala mvuke, na mwenzetu anayetaka kuacha asaidiwe, asichekwe. Mwaka mmoja baada ya kuacha sigara, hatari ya ziada ya maradhi ya moyo hupungua kwa karibu nusu. Faida hiyo haihitaji fedha za kigeni wala bajeti ya wizara. Inahitaji uamuzi.