Kinyerezi Isizimwe kwa Pupa

Anayetaka mitambo ya gesi ya Kinyerezi na Ubungo ifungwe sasa, eti Bwawa la Nyerere lenye megawati 2,115 linatosha, amesahau Oktoba 2015, ukame ulipoilazimisha TANESCO kuzima mitambo ya maji. Mgao haujali umeme wako ni safi kiasi gani. Sisi wa Lushoto tuko karibu na jambo hili la umeme wa maji: Mto Luengera hushuka kutoka Usambara kuingia Pangani, mto unaoendesha mitambo ya Hale tangu 1964. Misitu ikifyekwa huku juu, tope hujaa mtoni na kiangazi maji hupungua. Gesi ibaki akiba kwanza. Wakati huohuo jua na upepo viongezwe, na fedha za kulinda vyanzo vya maji zifike vijijini.