WATAWA WASIOTAWA: HURUMA, HAKI NA DENI LA WANAKISWAHILI

Neno 'mtawa' limetokana na kitenzi 'kutawa', yaani kukaa ndani pasi na kutoka, aghalabu kwa ajili ya ibada. Katika miji ya mwambao kitenzi hichohicho kimetumika kwa mwanamke anayekaa ndani asionekane na wapita njia. Kwa hiyo lugha yetu ilipompa sista wa Kanisa Katoliki jina la mtawa, ilimchora kuwa mtu wa kuta, sala na ukimya. Maoni ya mwandishi wa makala haya ni kwamba picha hiyo haitoshi tena, na kwamba sisi tunaojiita wanakiswahili tuna deni kwa wanawake hawa na kwa wale wanaowahudumia.

Tuanze na mahali. Ukivuka daraja la Nyali kutoka kisiwani Mombasa na kushika njia ya Kisauni, utapita Frere Town kabla ya kufika Mishomoroni. Frere Town ni kijiji kilichoanzishwa na wamishonari wa Kianglikana mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliookolewa kutoka majahazini. Kaskazini ya Mishomoroni, baada ya Bamburi, kuna Utange, ambako serikali ya Siad Barre ilipoanguka mwaka 1991 palijengwa kambi ya wakimbizi kutoka Somalia. Kambi hiyo ilifungwa katika miaka hiyohiyo ya tisini. Upande wa mashariki kuna ufuo wa Nyali na Bamburi na hoteli zake za kitalii. Mkaazi wa Mishomoroni, basi, anaishi katikati ya kumbukumbu tatu: ya mtumwa, ya mkimbizi, na ya msichana anayetafuta riziki yake kwa mtalii. Zote tatu zinauliza swali moja: aliyenyang'anywa kwao ana haki gani kwetu?

Watawa walianza kulijibu swali hilo zamani. Mwishoni mwa mwaka 1860 masista wa shirika la Mabinti wa Maria kutoka kisiwa cha Réunion walifika Unguja pamoja na Padri Fava, wakaanza kuuguza wagonjwa na kulea watoto waliokombolewa utumwani. Kazi hiyo ilihamia pia bara, Bagamoyo, tangu mwaka 1868. Ilikuwa kazi njema, lakini tusiipambe kupita kiasi. Waliokombolewa walilishwa, wakavishwa, wakasomeshwa. Hata hivyo waliishi chini ya kengele na amri ya misheni, wakilima mashamba ya misheni. Walipewa huruma nyingi kuliko haki. Na hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu, kwani huruma na haki si visawe. Huruma humtazama mtu aliyeanguka na kumwinua. Haki huuliza ni nani aliyemsukuma.

Mfano bora wa mtawa aliyevuka kutoka huruma hadi haki tunao hapahapa Mombasa. Sista Lea Ackermann alikuwa Mjerumani, mwalimu kwa taaluma, wa Shirika la Masista Wamisionari wa Bibi Yetu wa Afrika, lililoasisiwa na Kardinali Lavigerie huko Algeria mwaka 1869. Alifika Mombasa mwaka 1985 kwa kazi ya elimu. Alichokiona mjini ni wanawake wengi walioingia katika biashara ya kuuza miili yao kwa sababu ya ufukara, na wanunuzi ambao baadhi yao walitoka nchi yake mwenyewe. Mwaka huohuo alianzisha SOLWODI, jina ambalo kwa Kiswahili lina maana ya Mshikamano na Wanawake Walio katika Dhiki. Wanawake walipata mahali pa kusikilizwa, ushauri, mafunzo ya kazi na njia ya kuanzisha biashara ndogondogo.

Lau angeishia hapo, tungemsifu kwa wema wake na kwenda zetu. Lakini aliporejea Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1980, aliifuata dhuluma hadi kwenye chimbuko lake. Alianzisha SOLWODI huko pia, kwa ajili ya wanawake wa kigeni waliopelekwa Ulaya kwa hila za ndoa au ajira, na hadi alipofariki mwaka 2023 aliendelea kupaza sauti dhidi ya wanaonunua na wanaosafirisha wanawake. Alielewa kwamba haifai kumhubiria msichana wa Kisauni peke yake ilhali mnunuzi anapanda ndege akarudi kwao akiwa mtu wa heshima. Huyo si mtu wa kutawa.

Wala hakuwa peke yake. Mwaka 2013 Sista Angélique Namaika wa Dungu, kaskazini-mashariki mwa Kongo, alitunukiwa Tuzo ya Nansen na shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi. Alikuwa amewasaidia zaidi ya wanawake na wasichana 2,000 waliofukuzwa makwao au kutekwa na waasi wa LRA. Alizunguka kwa baiskeli, akiwafunza kushona, kuoka mikate, kusoma na kuandika. Yeye mwenyewe amewahi kuwa mkimbizi wa ndani mwaka 2009, jambo linalotukumbusha kwamba mhudumu na mhudumiwa wanaweza kubadilishana nafasi usiku mmoja.

Najua pingamizi linalotolewa dhidi ya maoni kama haya, na katika mtaa wenye Waislamu na Wakristo kama Mishomoroni haliwezi kupuuzwa. Wapo wanaosema kwamba huduma ya kanisa ni chambo, na kwamba nyuma ya sahani ya chakula kuna ubatizo. Hofu hiyo haikuzuka hewani; historia ya misheni katika pwani yetu inatoa sababu za kuihofia. Jibu langu ni kwamba kila kazi ipimwe kwa matendo yake. Je, anayehudumiwa ameulizwa dini yake kwanza? Je, akikataa mahubiri ananyimwa dawa? Sista Leonella Sgorbati, muuguzi wa Shirika la Consolata aliyefanya kazi Kenya kwa miaka mingi, alikwenda Mogadishu kufundisha uuguzi vijana wa Kisomali, ambao ni Waislamu. Aliuawa kwa risasi tarehe 17 Septemba 2006. Aliyekufa pamoja naye akijaribu kumwokoa alikuwa mlinzi wake, Mohamed Mahmud, Mwislamu. Mwenye kudai kwamba huduma ya namna hii ni chambo tu na aeleze vifo hivyo viwili.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba kwa kuwasifu watawa tunaisamehe serikali. Nakubali kwamba hatari hiyo ipo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mara nyingi methali hii hutumiwa kumkemea mgeni mvivu. Lakini tuisome upya kwa jicho la mkimbizi. Kwa miaka mingi alitakiwa kukaa kambini, Dadaab au Kakuma, asiruhusiwe kutoka bila kibali. Siku ya tatu ilifika, ya elfu tatu ikafika, na mwenyeji hakumpa jembe wala shamba. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021, iliyochukua nafasi ya ile ya 2006, imetambua haki yake ya kufanya kazi na biashara, na mwezi Machi 2025 serikali ya Kenya ilizindua Mpango wa Shirika, unaokusudia kuzigeuza kambi ziwe makaazi ambamo wakimbizi na wenyeji wataishi pamoja. Neno walilolichagua ni letu. Shirika ni kushiriki, ni kugawana. Na ndilo neno lilelile tunalotumia kwa jumuiya ya watawa. Kazi ya watawa haipaswi kuwa badala ya sheria hiyo. Inapaswa kuwa ushahidi kwamba linalodaiwa na sheria linawezekana.

Nije sasa kwetu sisi. Katika kambi ya Utange na nyinginezo za Mombasa waliishi watu wa Barawa na Wabajuni. Wabarawa huzungumza Chimwini na Wabajuni huzungumza Kibajuni, vyote viwili vikiwa vya jamii ya Kiswahili. Barawa ndiko alikotoka mshairi Dada Masiti. Maana yake ni kwamba lahaja ambazo leo tunazisoma vitabuni kwa shida zilikuwa zikisemwa umbali mfupi kutoka Mishomoroni, katika mahema. Kisha kambi zikafungwa. Baadhi ya watu walipelekwa Kakuma na Dadaab, wengine wakahamia Marekani na Uingereza. Ni wangapi kati yetu waliokwenda kuwasikiliza wazee wao na kuandika masimulizi yao kabla hawajatawanyika? Wanafonolojia wetu hutufundisha kwamba 'kimbia' huzaa 'mkimbizi'. Mzizi huohuo umezaa 'kimbilia' na 'kimbilio'. Itakuwa aibu lugha iwe na kimbilio ndani ya mzizi wake na wasomi wake wasiwe nalo mioyoni mwao.

Deni letu linalipika. Kwanza, tuandike kwa Kiswahili maisha ya watawa hawa na ya wanawake waliosimama nao, kwani mengi yaliyoandikwa yamo katika Kiingereza, Kijerumani na Kitaliano. Pili, Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, lakini sheria za Bunge hutungwa kwa Kiingereza. Sheria ya Wakimbizi, na ile ya mwaka 2010 ya kupambana na ulanguzi wa binadamu, ni matini zinazofaa kabisa kwa somo la tafsiri. Mwanafunzi akizitafsiri, kazi yake itamfaa mtu badala ya kuliwa na mchwa kabatini. Tatu, tujitolee kuwa wakalimani pale mkimbizi anapohojiwa, shuleni au hospitalini. Nne, tuchunge maneno yetu wenyewe. Mombasa ina maneno mengi ya kumtukana mwanamke anayeuza mwili wake, na hakuna hata moja linalomtukana mnunuzi kwa kiasi hicho. Sista Lea alipomwita 'mwanamke aliye katika dhiki', alihamisha lawama kutoka kwa mtu hadi kwenye hali inayomdhulumu. Hilo ni tendo la kisemantiki, na ni tendo la haki.

Watawa hawa wametoka ndani. Wamekwenda sokoni, kambini, mahakamani na ufuoni. Wanaotawa sasa ni sisi, katika kumbi za mihadhara na maktaba zetu, tukijadili ngeli na vina huku wasemaji wa lugha yenyewe wakitafuta mahali pa kulala. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Kiswahili kimewafaa wengi katika dhiki zao. Wasomi wake nao hawana budi kutoka nje.