Uchambuzi: Kutoka Kabonga hadi Ngome Kongwe, nani asikilizwe kwa usiku mmoja?

Kila Februari, Mji Mkongwe wa Zanzibar huwapokea wapenzi wa muziki wanaohudhuria tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004. Mkazi wa Kabonga, mpakani mwa Burundi na Tanzania kandokando ya Ziwa Tanganyika, hulisikia likitajwa redioni kama jambo la mbali. Lakini wapo wanaojikusanyia nauli. Kwao, ugumu huanza baada ya kufika: tiketi ni ya usiku mmoja, wanamuziki ni wengi, na majukwaa hupiga kwa wakati mmoja. Amwache nani, amsikilize nani?

Safari yenyewe inaeleza kwa nini swali hilo si dogo. Kutoka Kabonga msafiri huingia Tanzania na kufika Kigoma, mwisho wa reli iliyokamilika mwaka 1914. Kutoka hapo hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200, kisha kuna boti ya kuvuka bahari. Nauli, malazi na chakula vikijumlishwa, ni akiba ya muda mrefu kwa mchuuzi wa mawese wa Rumonge au mvuvi wa ndagala.

Zipo shughuli za aina hii zilizo karibu zaidi kwenye ramani. Tamasha la Amani la Goma lilifanyika kwa mara ya kwanza Februari 2014, miezi michache baada ya waasi wa M23 kushindwa. Januari 2025 waasi hao waliuteka mji huo. Nayo Burundi ilifunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda Januari 2024. Kwa mtu wa kusini mwa Burundi, njia ndefu ya Kigoma imekuwa ndiyo njia fupi.

Kosa la kwanza la mgeni ni kufuata jina kubwa. Nyota wa Bongo Fleva husikika katika kila mtumbwi wenye simu, kuanzia Nyanza-Lac hadi Rumonge. Diamond Platnumz na Ali Kiba, wote wenye asili ya Kigoma, walikuwa miongoni mwa wasanii waliokusanyika mwaka 2012 kwa jina la Kigoma All Stars. Kuvuka bahari ili kusikia kilichomo simuni tayari ni gharama isiyo na faida.

Waandaaji nao huchagua kabla ya hadhira kuchagua. Kanuni ya Sauti za Busara ni muziki unaopigwa papo hapo. Msanii haruhusiwi kuimba juu ya sauti iliyorekodiwa. Kanuni hiyo huwaacha nje vijana wengi waliokulia studioni na ambao hawana bendi, na malalamiko yao yana uzito, kwa kuwa ala ni ghali na mahali pa kufanyia mazoezi ni haba. Hata hivyo, kwa msikilizaji aliyetoka mbali, kanuni hiyohiyo ndiyo humpa kipimo: atafute kile ambacho rekodi haiwezi kumpelekea nyumbani.

Kwa watu wa Rumonge na Buyenzi, jibu la kwanza ni taarab. Wanaijua, wamecheza nayo harusini, lakini mara nyingi kwa kinanda kimoja na spika. Okestra kamili, yenye udi, kanuni, fidla kadhaa na akodiani, ni vigumu kuisafirisha hadi ziwani. Culture Musical Club, kundi la Zanzibar lililoanzishwa mwaka 1958, limepanda jukwaa la tamasha hilo mara nyingi. Wako pia vijana waliosomea Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kilichofunguliwa mwaka 2002, akiwemo Siti Amina wa kundi la Siti and the Band. Makundi ya nyumbani kama hayo mara nyingi huanza mapema jioni, saa ambayo wageni wengi bado wako Forodhani wakila urojo. Anayeingia Ngome Kongwe mapema hupata nafasi mbele, na pengine ndiyo saa bora ya usiku mzima.

Jibu la pili linamgusa Mrundi kwa namna nyingine. Mwaka 2014 UNESCO iliuorodhesha mchezo wa ngoma ya kifalme ya Burundi kuwa urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Miaka mitatu baadaye, Oktoba 2017, amri ya rais iliwakataza wanawake kupiga ngoma hiyo, kwa hoja ya kulinda mila. Zanzibar nayo ina mila zake, lakini Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, alipiga ngoma ya unyago mbele ya hadhira hiyo akiwa bibi kizee. Kundi la Tausi, linaloongozwa na Maryam Hamdani, lina wanawake wanaopiga wenyewe ala za taarab. Ikiwa kundi la namna hiyo liko kwenye ratiba, msafiri wa Kabonga ana sababu ya kuacha jukwaa jingine lolote, hasa akiwa amefuatana na binti yake.

Wageni wa mbali wanaobaki huhitaji bahati. Nneka wa Nigeria alikuja mwaka 2012, Cheikh Lô wa Senegal mwaka 2013. Wanamuziki wa kiwango hicho hupanda usiku wa manane, wakati asiye na malazi ya karibu anawaza pa kulala. Asiye na tiketi kabisa asikate tamaa: gwaride la ufunguzi, pamoja na beni na matarumbeta yake, hupita mitaani bila kiingilio.

Anayeahirisha safari hadi mwaka mwingine azingatie mambo mawili. Mwaka 2016 tamasha halikufanyika kwa kukosa fedha. Na kalenda inabana: mwaka 2027 Ramadhani inatarajiwa kuanza takribani tarehe 8 Februari, katikati ya msimu uliozoeleka wa tamasha. Kwa familia za Kiislamu za Rumonge, tarehe zitakazotangazwa ndizo za kuangaliwa kwanza, kabla ya jina la msanii yeyote.