Mkonge Umejaa Uani, Mbona Sodo Bado Ni Anasa?

Waulize wasee kumi mtaani lignini ni nini. Tisa watakutazama tu. Wa kumi atakwambia ni kitu iko kwa zailemu, na hapo ndipo hadithi inaishia, kwa sababu hivyo ndivyo alivyokariri apite mtihani. Tulifunzwa neno, maana yake, alama mbili, kisha fungua ukurasa unaofuata. Hakuna aliyetuambia kwamba hilo neno linahusu kamba ya ng'ombe, kiondo cha shosho, na sodo ambayo dada yako anaisaka kila mwezi.

Mimi niliachia chuo njiani, karo ilikataa, kwa hivyo sina digrii ya kukutisha nayo. Lakini hii sayansi si ngumu. Ukuta wa seli ya mmea umejengwa kwa nyuzi za selulosi. Selulosi peke yake inapinda na inalowa. Pita Pipeline uone ghorofa zinavyoota: vyuma kwanza, halafu simiti. Selulosi ndiyo vyuma, lignini ndiyo simiti. Inajaza nafasi katikati ya nyuzi, ikikauka hapo mti unasimama. Bila hiyo mvule ungelala chini kama mlenda.

Halafu kuna kazi ya pili ambayo watu huisahau. Lignini haipendi maji. Mishipa inayopandisha maji kutoka mizizini imepakwa lignini ndani ya kuta zake, ndiyo maana maji yanafika juu bila kuvuja njiani na mishipa haijikunji ikivutwa. Na wadudu na vijidudu hawaipendi pia. Viumbe vinavyoweza kuimeng'enya kikamilifu ni vichache mno, hasa aina fulani za kuvu wanaoota kwenye magogo na kuyaacha meupe. Lile gazeti la zamani lililogeuka manjano nyumbani kwenu? Lignini hiyo, imebaki kwenye karatasi ya bei ya chini, imepigwa na mwanga na hewa.

Sasa ukishika uzi wowote wa asili, swali ni moja: una simiti kiasi gani? Pamba haina karibu kabisa, ndiyo maana fulana yako ni laini na inakunywa jasho. Mkonge unayo takriban sehemu moja kwa kumi, kwa hivyo kamba yake ni ngumu na inakwaruza. Makumbi ya nazi ndiyo balaa, yanafika karibu asilimia 40. Watu wa Pwani walilijua hilo bila maabara. Makumbi yanafukiwa kwenye mchanga wa ufuo miezi na miezi, maji ya chumvi yanayalainisha, halafu akina mama wanayafukua na kuyaponda hadi usumba unabaki safi. Mitepe ya Lamu, zile jahazi za zamani, mbao zake zilishonwa kwa kamba hiyo badala ya kupigiliwa misumari. Chuma kingeota kutu. Kamba ya nazi ilikaa ndani ya bahari na kuendelea na kazi. Wazee wale walichagua uzi wenye lignini nyingi kwa sababu walitaka kitu kisichooza.

Lakini kuna wakati unataka kinyume chake, na hapa ndipo nilitaka tufike.

Mwaka 2023 jarida la Communications Engineering lilichapisha utafiti wa timu ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, wakiwa na Mkenya, Alex Odundo wa Olex Techno Enterprises kule Kisumu. Walichukua mkonge, huu huu wa kukwaruza, wakautoa lignini kwa asidi ya fomiki iliyochanganywa na haidrojeni peroksaidi. Asidi yenyewe jina lake limetoka kwa sisimizi, kwa vile ndipo ilipogunduliwa. Kilichobaki ni kitu laini kama pamba, na kwenye vipimo vyao kilifyonza maji kuliko ile pamba inayowekwa ndani ya sodo za dukani. Lengo lao lilikuwa hilo hilo: sodo zinazoweza kutengenezwa karibu na pale mkonge unapoota, bila kiwanda kikubwa.

Tulia hapo kidogo. Mkonge hautaki mvua nyingi. Pamba inataka maji, mkonge unasimama tu juani. Uko Taita Taveta, Kilifi, Baringo, Makueni, Kitui. Kwingine hata hauhesabiwi kuwa zao, ni ua wa kuzuia mbuzi wa jirani. Na kaunti hizo hizo kavu ndizo utasikia msichana amekosa shule siku nne kwa sababu hana sodo, ama anatumia kitambaa kilichochakaa.

Serikali haiwezi kusema haijui. VAT ya sodo iliondolewa mwaka 2004. Mwaka 2017 Sheria ya Elimu ya Msingi ilirekebishwa ili kila msichana wa shule aliyebaleghe apewe sodo bure. Sheria poa kabisa, kwenye karatasi. Msambazaji akichelewa, msichana ndiye analipa. Na ndani ya hizo sodo kuna massa ya miti iliyokatwa mbali sana na hapa, huku sisi tukifunga marobota ya nyuzi za mkonge na kuyapakia melini yakiwa ghafi.

Najua kuna mtu atasema, kijana, unaongea rahisi. Kweli, kuna ngori kadhaa. Asidi hiyo si ya kuchezea jikoni, itakuchoma. Uzi lazima usafishwe vizuri na upite vipimo vya KEBS, kwa sababu hiki ni kitu kinachokaa mwilini. Na jani la mkonge ni bahili: ukilikwangua lote, uzi ni kama asilimia 4 tu ya uzito. Mengine ni maji na makapi, ambayo yakimwagwa mtoni yanaua samaki. Wale wa Hale, Tanga, waliyageuza makapi kuwa gesi na kuzalisha umeme, kwa hivyo hata hilo lina jibu, ila linataka mtaji. Halafu utafiti wa maabara na biashara inayolipa mishahara ni vitu viwili.

Ngori hizo ndizo kazi yenyewe, bwana. Mtu wa kemia asiye na ajira anaweza kusimamia asidi. Fundi wa jua kali anaweza kuunda mashine ya kukwangua jani, na Kisumu tayari wanaziunda. Akina mama wa vyondo wanaujua uzi kwa vidole kuliko profesa yeyote. Soko nalo lipo: serikali yenyewe inanunua sodo za shule, na asilimia 30 ya zabuni zake imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kama kweli imetengwa, basi sehemu ya zabuni ya sodo ipewe vikundi vya kaunti za mkonge, hata kama ni za shule za kaunti hiyo pekee kwa kuanzia. Vyuo vya ufundi vya Voi, Wote na Kitui navyo viwe na kozi ya nyuzi. Tumefunza ususi na umekanika, hakuna ubaya, lakini mmea unaoota nje ya ukuta wa chuo hakuna anayeufundisha.

Kabla ya kusubiri mtu wa Nairobi aamue, kila kaunti huita mikutano ya wananchi kuhusu bajeti, na kwa kawaida ukumbi hujaa wazee wanaoulizia barabara. Nenda, keti mbele, uulize ni pesa ngapi zimewekwa kwa mkonge. Utafiti wenyewe uko mtandaoni bure, tafuta Agave sisalana na neno Stanford. Uprinti, uende nao.